Kisiwa kidogo kimekaa kimya

Mi shairi nilifundishwa kwa kuhesabu. Yaani nane huku nane huku, mizani 16 kwa mstari, vina vya kati, vina vya mwisho, ukizidisha silabi moja tu mwalimu anashusha wino mwekundu hata kama mstari wenyewe ulikuwa mtamu. Sina ugomvi na mizani, kwakweli naipenda mpaka leo, ila mtoto wa darasa la tatu ukimwanzishia huko anaishia kuchukia daftari.

Kwahiyo likizo hii watoto wa hapa mtaani Kirumba, Mwanza, wakija barazani kwangu tunaweka vina pembeni, tunaanzia mbele ya neno. Vitabuni wanaita takriri konsonanti, mi nimewaambia tu sauti ya mwanzo ijirudie rudie, kama kwenye wale wana wa liwali wala wali wa liwali, hiyo wanaijua wote na wanashindana kuitamka haraka haraka mpaka ndimi zinagoma.

Siku ya kwanza nilikosea. Niliwaambia leteni maneno ya S, basi nikaletewa simba, sungura, sukari, sultani, sasa simba wa wapi Kirumba jamani? Siku iliyofuata tukashuka kwanza mwaloni, pale ziwani mitumbwi ya samaki inapotia nanga, bila daftari wala kalamu, kuangalia tu na kusikiliza, tulivyorudi ndo wakaandika. Hapo K zikamwagika zenyewe: kamongo, kambare, karabai, na kokoro, ambayo binti mmoja aliitaja kwa kunong'ona kwa sababu ni nyavu haramu, kana kwamba doria imejificha chini ya mkeka wangu. Akatoa huu: karabai kumi kwenye kiza. Mwenzake akadakia siku hizi ni taa za sola, ni kweli, ila karabai tukaiacha, sikio limeshaipenda.

Halafu wakagombania ndoo. Mmoja kaandika Doto kadondosha ndoo ya dagaa, mwingine anasema ndoo imeanza na N haihesabiwi. Nikawaambia fumbeni macho, tamkeni polepole, mnasikia nini? Wakasikia D inagonga. Hapo ndo pa kukazania, takriri inasikiwa, haisomwi kwa macho, ndo maana sangara na shuka hazifanani sana hata kama zote zina S mbele. Na sisi wa Usukumani ambao R na L zinatuponyoka mdomoni (mi mmojawapo, msinicheke) zoezi hili linatusaidia kuliko kukaripiwa, kwa sababu mtoto akitaka mstari wake wote uwe wa R inabidi aisikie mwenyewe.

Ila kilichonifurahisha zaidi ni ngeli. Kiswahili kinakupa nusu ya kazi bure kabisa, ukianza na kitu cha KI basi KI inakufuata mpaka mwisho wa sentensi utake usitake. Kijana wa darasa la nne kaandika kisiwa kidogo kimekaa kimya, na wala hakujua kafanya nini, nikamwambia soma tena kwa sauti, akasoma, akatabasamu. Kosa langu nikamwambia haya sasa peleka kwenye wingi. Akaandika visiwa vidogo vimekaa vimya. Wenzake wakaangua kicheko, vimya! Maskini, alifuata kanuni vizuri tu, kimya ndo kimegoma kubadilika, na mimi miaka yote hii sijawahi kukaa nikaliwaza hilo neno. Akachana karatasi akaondoka, nikajua huyu nimempoteza.

Juzi jioni niko nje napara sato, mikono imejaa magamba, namwona kasimama getini. Hakusalimia hata. Akasema anti nimepata, visiwa vidogo vimevaa vivuli.

Nikamwambia ingia, chukua kalamu dirishani uandike, mi siwezi kushika kitu.