Starlet KP61 hapa Tabora: pesa ya kutyuni niliipeleka wapi

Kama una Starlet ya zamani, ile KP61 inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, na unajiuliza kama kuna faida ya kuitia pesa ili iongeze nguvu, mimi nasema faida ipo. Ila pesa ya kwanza irudishe nguvu ambayo injini ilizaliwa nayo ikapotea njiani. Gari nyingi za umri huu zinaendeshwa zikiwa nusu wagonjwa, mwenyewe anadhani ndivyo zilivyo.

Yangu niliachiwa na mjomba, na ndiyo inayonibebea asali kutoka Sikonge. Toyota walianza kuzitoa mwaka 1978, na ilipofika 1984 nafasi yake ikachukuliwa na Starlet ya kuvuta mbele. Injini yake ni 4K ya cc 1290, kabureta, vijiti vya kusukuma valvu, mnyororo wa taimingi. Hakuna kompyuta, hakuna sensa. Nilipoikabidhiwa, kwenye barabara ya Nzega gari ikikaribia spidi 80 ilikuwa inagoma. Unakanyaga mafuta mpaka mwisho, unapata mlio tu.

Vijana wa gereji karibu wote waliniambia kitu kimoja: ng'oa hiyo 4K, weka 5K ya Townace, kile kibasi kidogo cha Toyota. Si ushauri wa ovyo. Ni ukoo uleule wa injini, pistoni zinapanda na kushuka milimita 73 zote mbili, ila kipenyo cha silinda kwenye 4K ni milimita 75 na kwenye 5K ni 80.5, ndiyo maana ya pili inafika cc 1486. Bei niliyotajiwa ilikuwa milioni moja na laki nane, hapo bado nauli ya kuitoa Dar na bado ufundi.

Fundi mmoja mzee wa Ng'ambo ndiye aliyenituliza. "Mwanangu, hii uliyonayo hujajua inatoa nini. Unanunua nyingine ya nini? Tupime kwanza."

Akatoa plagi zote, akafunga geji ya kompresheni, ya kupima presha ndani ya silinda, kwenye silinda ya kwanza, akaniambia nikanyage mafuta mpaka chini huku nikipiga stata. Silinda moja baada ya nyingine. Tatu zilikaribiana, ya tatu kutoka mbele ikawa chini sana. Akadondosha oili kidogo kwenye tundu la plagi, akapima tena. Mshale haukupanda. Hapo akaona ringi za pistoni si tatizo, huenda valvu ndizo hazikai vizuri. Ingekuwa ringi zimekwisha, oili ingeziba mwanya kwa muda na presha ingepanda. Kipimo hiki hakigharimu chochote cha maana, na mtu asikubali kununua spea ya injini kabla hajafanyiwa. Kitu kingine alichonifundisha: hapa Tabora tuko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo geji itasoma chini ya namba za kwenye kitabu hata injini ikiwa nzima. Linganisha silinda kwa silinda.

Hewa hiyohiyo ndiyo iliyokuwa inaiua kabureta. Gari lilikuja kutoka Dar na jeti zake za pwani, yaani vile vitundu vya kupitishia petroli. Huku juu hewa inapungua, petroli inabaki ileile, mchanganyiko unakuwa mzito. Plagi zilitoka nyeusi tii, zina masizi ya kufutika kwa kidole. Fundi alifungua kabureta, akasafisha njia zote, akafunga jeti kuu ndogo kidogo, na mlango wa pili wa kabureta, ule wa kufunguka ukikanyaga mafuta sana, uliokuwa umeganda akaulegeza mpaka ukafunguka wenyewe. Nilipochomoa plagi baada ya safari ya Sikonge zilikuwa kahawia hafifu, kavu. Nilifurahi kuliko ningenunuliwa rimu mpya.

Hedi, ile sehemu ya juu ya injini yenye valvu, ilishushwa, valvu zikasagwa zikakaa, gasketi mpya, tapeti zikasetiwa. Pointi za distribyuta zikabadilishwa na taimingi ya cheche za plagi ikasogezwa mbele kidogo, kwa sababu kwenye hewa nyepesi injini haigongi haraka. Kazi yote ya injini haikufika laki saba.

Eakilina ya wazi yenye umbo la uyoga niliikataa. Inavuta hewa ya moto ya chini ya boneti, na vumbi la huku unalijua. Bomba kubwa la ekzosi nalo kwa 4K ya kawaida ni kelele.

Pesa kubwa kuliko ya injini ilikwenda chini ya gari, na hapa sina majuto hata chembe. Pedi za mbele, viatu vya breki za nyuma, mipira ya breki, shokapu nne, bushi, na tairi. Gari hili halizidi kilo 800, yaani nguvu kidogo tu ikirudi unaisikia, na mbuzi akikatiza pale Puge unahitaji gari linalosimama likiwa limenyooka. Mtu anayeongeza nguvu akaacha breki za zamani anajihatarisha yeye na watu wa barabarani.

Sasa 80 inapita bila kulazimishwa. Mafuta, nikipima kwa kujaza tangi mpaka juu na kujaza tena, nilikuwa napata kilomita 10 kwa lita, siku hizi ni karibu 13. Kwa anayesafiri na ndoo za asali kila wiki, hiyo ni pesa inayorudi mfukoni.

Hiyo 5K ningeiweka kama bloku yangu ingekuwa imepasuka au silinda zimelika kupita kiasi. Kwa aliyefika huko: usitupe 4K yako, kwa sababu sampu ya Townace, lile bakuli la oili chini ya injini, haikai sawa kwenye Starlet, utahitaji ya zamani. Na namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo dai risiti ya injini kwa aliyekuuzia, uende nayo TRA wabadilishe kadi kabla hujarudi barabarani.