Kwanza mada ni ipi?

Watu wakisikia mtu kapitia dibeti za mashindano wanajua tu huyo atakuwa mbishi balaa, na kusema ukweli wapo wa hivyo, hata salamu anaipinga. Ila ukiuangalia ule mchezo vizuri, kuongea ndo sehemu ndogo, na kuna mengi ya kuazima kwa mabishano ya nyumbani.

Chukua mtindo wa British Parliamentary, unaotumika kwenye mashindano ya dunia ya vyuo vikuu yaliyoanza Glasgow mwaka 1981. Timu nne, kila timu watu wawili, mada mnapewa dakika 15 kabla na upande huchagui, unapangiwa. Yaani unajikuta unatetea kitu ambacho moyoni unakiona upuuzi mtupu na inabidi utafute kwa nini mtu mwenye akili zake timamu akiamini, sasa ukishazoea hivyo, mtu akikupinga sebuleni unakuwa mzito kidogo kumuita mjinga.

Kubwa zaidi kwangu ni mada yenyewe. Kwenye dibeti inatajwa wazi, na msemaji wa kwanza anaifafanua kabla hamjaanza kurushiana hoja. Nyumbani je? Mmoja anaanza "mbona vyombo havijaoshwa?", anajibiwa "si naosha mimi kila siku", mara "we hunaga shukrani", mara imeingia harusi ya mwaka juzi na maneno aliyosema wifi, hapo mada zimeshakuwa nne na kila mtu anajibu ile anayoiweza. Uliza tu kwa upole, tunabishania vyombo au shukrani? Mara nyingi vyombo havina kesi yoyote.

Halafu kuna hili la kukatizana. Hotuba ya kila msemaji ni dakika 7, dakika ya kwanza na ya mwisho hakuna kumkatiza, katikati unaomba kuuliza na msemaji ana haki ya kukukatalia, akikuruhusu una sekunde kama 15 basi. Kwenye vikao vya familia hii ingepunguza mengi sana jamani.

Kisichohamishika ni jaji. Ukumbini humshawishi mpinzani, unamshawishi jaji, ndo maana unaweza kumbomoa mwenzako vipande vipande ukapigiwa meza kama makofi. Sebuleni hakuna jaji, unayembomoa ndo huyohuyo unayetaka akuelewe, na wana dibeti wengi wanafelia hapo, wanashinda hoja halafu wiki nzima hawasemeshwi. Na sebuleni hata ukisema "hapo kweli umenibana", hakuna wa kukukata pointi.