Ramani ya kijani juu ya jiwe
Jamani leo nimeinamia jiwe moja tu mlimani karibu saa nzima, lensi mkononi, naangalia likeni inaitwa Rhizocarpon geographicum, ya njano-kijani na mistari myeusi kama mipaka ya ramani, imeng'ang'ania graniti hadi huwezi kuibandua bila kumegua jiwe lenyewe. Ni kuvu na mwani wanaishi pamoja, mwani ndo anapika chakula kwa mwanga wa jua. Kwa mwaka hata milimita moja kwa kawaida haikui!! Na 2005 likeni ya aina hii ilipelekwa anga za juu, ikaachwa wazi huko kama wiki mbili hivi, ikarudi hai. Kuitunza? Usiisugue, usiimwagie kemikali, hewa iwe safi, basi. Aliyekwangua jina lake pale juu yake kaniumiza roho sana.