Keki ya tui na iliki: keki sita, sufuria moja yenye bomba

Daftari langu la jikoni limelowa tui mpaka kurasa zimegandana, kwa hivyo kumbukumbu nazihamishia hapa kabla sijasahau nilichofanya.

Ninachotaka ni keki nyepesi ya tui la nazi na iliki, ukiibonyeza kwa kidole irudi juu yenyewe, na ikilala isikauke. Najua mtakaloniambia: Lamu tuna mkate wa mayai, wataka nini tena? Tunao, na nyanya yangu hapa Langoni akiupika harufu hufika mpaka uchochoro wa pili. Lakini mkate wa mayai ni mayai, sukari, unga na iliki, hauna mafuta. Siku ya pili hauliki bila chai.

Mimi naitaka ile iitwayo shifoni. Aliyeibuni ni Harry Baker wa Los Angeles, mwaka 1927, na kazi yake ilikuwa kuuza bima. Siri aliikalia karibu miaka 20, hadi alipoiuzia kampuni ya General Mills mwaka 1947. Siri yenyewe kumbe ni mafuta ya maji ya kupikia badala ya siagi. Siagi ikipoa hukaza na keki ikakaza nayo. Mafuta ya maji hubaki maji, keki ikabaki laini.

Keki ya kwanza na ya pili hazistahili maneno mengi. Zilitoka bapa kama chapati. Ute wa mayai ulikataa kuumuka kwa sababu nilitumia bakuli la plastiki ambalo juzi lilitiwa samli, na plastiki hata uioshe vipi mafuta hujificha. Mara ya pili kiini kilipasuka, tone likaingia kwenye ute nikajifanya sikuliona. Sasa natumia bakuli la chuma, nalipangusa kwa kipande cha ndimu, na kila yai nalivunja kwanza kwenye kikombe chake.

Ya tatu ndiyo iliyoniuma. Povu lilisimama vizuri, keki ikapanda mpaka mdomoni mwa sufuria, nikaita watu waje waone. Nilikuwa nimesoma kwamba shifoni hupozwa ikiwa imepinduliwa, maana ikiwa bado ya moto haijapata nguvu ya kujibeba, ikikaa wima huzama kwa uzito wake. Nikaipindua. Ikaporomoka yote mezani, pu! kama embe lililoiva. Kosa ni kwamba sufuria niliipaka mafuta, kama tufanyavyo kwa keki zote. Hii haitaki. Lazima ishike ukuta wa chombo, ipande kwa kuushikilia na ining'inie kwa kuushikilia. Watoto waliila kwa kijiko, na wao hawakuona tatizo lolote.

Baada ya hapo nilimpelekea fundi wa mabati sufuria kuukuu ya alumini ya sentimita 20, akaitoboa katikati na kuipachika bomba lililo refu kuliko ukuta. Alinitazama kama nimerukwa na akili. Bomba hupeleka joto katikati, mahali ambapo keki huchelewa kuiva, na ukipindua unalivisha kwenye shingo ya chupa ya soda, keki ikabaki hewani. Keki ya nne ilivuja kidogo kwenye kiungo, lakini ilining'inia saa nzima bila kuanguka. Kimo: sentimita 7.

Ya tano niliipanga vizuri. Viini vitano nilivipiga na kijiko kikubwa kimoja cha sukari, mililita 50 za mafuta, mililita 70 za tui la kwanza, zito, na iliki nilizotwanga papo hapo (za pakiti zilizokwisha sagwa hazinukii hata kidogo). Unga wa ngano gramu 100 niliuchekecha mara mbili, na vijiko viwili vya unga huo nilivibadilisha kwa konfulawa. Kando, ute wa mayai matano na matone ya ndimu, sukari gramu 80 nikiitia kidogo kidogo, mpaka ncha ya povu ikainama kama ncha ya jambia. Nikalichanganya kwa mafungu matatu, mwiko ukipita chini na kuja juu, bila kukoroga.

Hapo umeme ukakatika.

Povu halingoji mtu. Nyanya alikuwa barazani, akaingia na kuuliza kwa nini nimesimama. Jiko la mkaa likawashwa, sufuria yangu ikawekwa ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, mfuniko ukafunikwa. Nikaanza kujaza makaa kwenye jiko, akanishika mkono. "Moto wa yuu, mwanangu, si wa tini." Chini akabakisha makaa machache, mengine yote akayapanga juu ya mfuniko kwa koleo. Kila nikinyoosha mkono nichungulie, ananitazama tu. Baada ya muda akanusa, akasema ngoja. Akanusa tena, akasema tayari.

Juu iliungua pembeni na chini palikuwa na tabaka zito kama ugali, joto la chini halikutosha. Lakini ilikuwa na sentimita 8! Nilikaa nayo ile keki nikiipima mara mbili mbili. Unga ule ule, sufuria ile ile, na moto wa kukisia. Tofauti niliyoiona ni moja: ya oveni nilikuwa naifungua kila baada ya dakika kumi, hii ya mkaa sikuruhusiwa.

Keki ya sita, Jumamosi iliyopita: oveni nyuzi 160, dakika 45, mlango sikuugusa. Sentimita 9. Ilipopoa nilipitisha kisu chembamba ukutani na kuzunguka bomba. Ndani matundu madogo madogo sawasawa, rangi ya maziwa, na Jumapili asubuhi bado ilikuwa laini.

Nyanya alikula vipande viwili. Akasema ni tamu, lakini keki gani haina zabibu. Mkate wake yeye huufunua mara moja tu, uso ukishaanza kukaza, akazipanga zabibu juu haraka na kufunika. Nikizichanganya kwenye povu zitazama chini, nikizitia juu itabidi nifungue mlango. Zabibu nimeshanunua, robo kilo, na mayai nimeyatenga matano.