Stationery na stationary: ujanja unaonisaidia hapa Nasser Road

Mimi nadizaini mabango na risiti hapa Nasser Road, Kampala, na kama unaijua hiyo barabara unajua ni kelele za mashine za kuprinti toka asubuhi na kila mtu ana haraka yake. Wateja wangu wengi tunaongea Kiswahili, watu wa Arua, Koboko, Wakongo wa Bunia. Sasa mtu anafungua duka la madaftari anakutumia meseji "niandikie STATIONARY SHOP", ukiliprinti hivyo hivyo maana yake duka limesimama 😂 na mfanyabiashara gani anataka bango la kutangaza biashara imesimama? Ukimpigia simu haisaidii, yote mawili yanatamkwa sawa, na komputa nayo haichori ule mstari mwekundu maana yote ni maneno sahihi. Wakongo hawana shida hii, wao wanasema papeterie kwa Kifaransa, imeisha hiyo.

Stationary yenye a ni kitu kisichosogea, kama gari lililopaki. Stationery yenye e ni karatasi, kalamu, bahasha, yaani steshenari. Wengi hukariri e ya envelope, sawa, ila mimi iliniingia kabisa nilipojua maneno yote yametoka shina moja. Zamani Ulaya wachuuzi wengi walizunguka na mizigo yao, wale wauza vitabu waliotulia sehemu moja, hasa karibu na vyuo vikuu, ndio wakaitwa stationer, mtu aliyekaa mahali pake. Chama chao cha London kilipata hati ya kifalme 1557. Kwa hiyo anza na mtu: baker ana bakery, grocer ana grocery, stationer ana stationery. Ukimkumbuka mwenye duka e haikupotei.

Juzi mama mmoja wa Koboko alinibishia, "Mwanangu, hii kaandika kijana wangu wa university." Sikutaka kubishana na mtu mzima, nikamuuliza tu, mama, anayeoka mikate kwa Kizungu anaitwaje? Baker. Na duka lake? Bakery. Nikamwandikia yote mawili nyuma ya risiti, chini yake nikaandika stationer nikampa kalamu amalizie. Akaliangalia weee, akaongeza y.

"Haya weka hiyo e yako, lakini bei ni ile ile."