Tairi Halisahau Duara Lake

Mikoba ishirini na miwili ilirudi kutoka Dar es Salaam ndani ya kiroba kimoja, imefungwa kwa kamba ileile niliyoifungia mimi. Mwenye duka hakunificha. "Dada, kazi yako ni safi, mshono umenyooka. Ila nikiichanganya na ya wenzako, siwezi kujua ipi ni yako." Sikumkasirikia. Niliumia kwa sababu nilijua ni kweli.

Nilianza kushona mikoba mwaka 2019, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia Juni 1, na kila mwenye cherehani pale Tanga akaona mlango wa riziki umefunguka. Mwanzoni nilikuwa nawaza mwenyewe. Halafu simu ikanizoeza uvivu: naona mtindo, nauiga, nabadilisha kitenge, napeleka dukani. Chini ya meza yangu yakajaa magunia matatu ya vipande vya vitambaa. Jirani alikuwa anayanyemelea kwa kuwashia jiko, nami nilikwisha kumwambia ayachukue nitakaporudi.

Nitakaporudi kutoka Arusha, maana mdogo wangu anayeishi Sakina alikuwa ameshaniita. "Njoo utembee kwa mafundi wa huku, dada. Utapata cha kuwaza." Nikamnunulia chungu cha kupikia wali wa nazi, nikakiviringishia vipande vya vitambaa kutoka gunia moja kisije kikapasuka njiani, nikapanda basi la alfajiri. Ilikuwa Julai.

Ile njia naijua tangu utotoni: Segera, Korogwe, mashamba ya mkonge yaliyopangwa kama meno ya kitana, Mombo, kisha Same na milima ya Upare upande wa kulia isiyotaka kwisha. Baada ya Mwanga kila abiria akainamia dirisha kuutafuta Mlima Kilimanjaro. Ulikuwa umejifunika. Tulipofika Arusha jioni baridi ilinipiga mpaka kwenye meno, na mdogo wangu alikuwa amesimama stendi na sweta mkononi. Usiku ule tulikula loshoro, akanifunika blanketi mbili. Chungu kilifika kizima.

Asubuhi tukapanda kifodi hadi mjini. Mnara wa Saa niliupita haraka. Wenyeji wanapenda kusema hapo ni katikati ya njia ya Cape Town na Cairo, na wapiga picha wanakuja wengi. Mdogo wangu akanipeleka upande wa soko la Kilombero, kwa mzee mmoja anayetengeneza katambuga.

Nimevaa katambuga nikiwa mtoto, nimeziona kwa Wamasai miaka yote, na sikuwahi kukaa nikaona zinavyotoka kwenye tairi. Mzee alikuwa amekalia kigoda, mbele yake rundo la matairi ya pikipiki na mawili ya gari, kisu kifupi, kopo la maji, nyundo na misumari midogo. Nilimwamkia, akaitikia, akanisogezea ndoo iliyopinduliwa nikae.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni lile kopo. Kila anapokata kama shibiri moja anachovya kisu majini. "Mpira mkavu unang'ang'ania kisu," akasema. "Ukilowa, kinateleza." Akanipa nijaribu. Bila maji kisu kilisimama kama kimekutana na mfupa. Kilipolowa, kikapita taratibu, na pembeni ya mkato kukabaki weusi unaong'aa kama ngozi ya samaki mkunga. Akanionyesha pia namna ya kuchagua tairi. La gari lenye waya ndani yeye hulikwepa, kwa sababu waya unaua kisu na baadaye unachomoza ukamchoma mvaaji. Anataka la nyuzi za nailoni.

Kisha akaweka unyayo wangu juu ya tairi, akachora kwa chaki. Nilidhani atalilaza, alinyooshe kwanza. Hakulinyoosha. Alikata kufuata mzunguko wake, meno ya tairi yakiwa upande wa chini, na lile pande lilipotoka mkononi mwake lilikuwa limenyanyuka mbele na nyuma, kama ngalawa ndogo. Nikamuuliza mbona haligongi likawa bapa.

"Ili iwe nini? Tairi halisahau duara lake, mwanangu. Ukilinyoosha kwa nyundo leo, kesho limejikunja tena na misumari limeing'oa. Mimi nalifuata. Simama."

Nikasimama. Nikapiga hatua. Kisigino kilipogusa chini, unyayo ulibingirika wenyewe kwenda mbele, ncha ikanyanyuka kabla sijaamua kunyanyua mguu. Nikarudi, nikapita tena, nikapita mara ya tatu mbele ya watu wa sokoni bila haya. Lile duara lililokuwa linabeba pikipiki sasa lilikuwa linanibeba mimi! Hakuna mchoraji aliyekaa mezani akabuni umbo lile. Lilikuwa ndani ya tairi, na mzee alikuwa na adabu ya kutoliharibu.

Akapasua matundu ya kamba, akazipitisha, akazigonga misumari. Mabaki hayakwenda jalalani. Vipande vya ukubwa wa kiganja huwa bawaba za milango ya mabanda ya kuku, na tyubu anazichana kuwa mipira ya kufungia mizigo kwenye bodaboda. Nilipomwambia mimi ni fundi wa mikoba, akaomba kuuona niliokuwa nimeuvaa. Aliugeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Umeshona vizuri. Kitambaa kipya lakini kinakubali kila unachokiambia. Ndiyo maana mnafanana. Hili," akalipiga tairi kofi, "linakataa."

Sikuwa na jibu. Nililipa, nikaondoka nimezivaa katambuga zangu.

Siku ya pili tulikwenda soko la vitu vya sanaa la Wamasai. Vibanda vya picha nilivipita kwa moyo mzito. Twiga, mbuyu, jua linazama, Wamasai wembamba mstari mmoja; kibanda hadi kibanda, picha ileile. Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 pale Dar es Salaam alichora kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya ubao wa viwandani, kwa sababu ndivyo vilivyopatikana kwa bei yake. Ile rangi nzito inayong'aa ndiyo iliyompa mkono wake. Alifariki mwaka 1972, na mkono ule ukazaa shule nzima ya wachoraji. Wapo wazuri mno miongoni mwao. Lakini mbele ya vile vibanda niliwaona vijana wenye vipaji wakifanya nilichokuwa nafanya mimi na simu yangu, na niliwahurumia kwa dhati.

Mwisho wa safu akinamama walikuwa wamekaa chini kwenye turubai, miguu wameinyoosha. Mdogo wangu amejifunza salamu: "Takwenya." Wakaitika, "Iko." Mmoja, tuliyemwita yeyo, yaani mama kwa Kimasai, alikuwa anachomoa nyuzi kwenye kiroba cha unga kilichochoka, moja baada ya nyingine, anazisokota juu ya paja kwa kiganja. Uzi uliotoka ulikuwa mkakamavu, haukati kwenye shanga. Vile vijiti vyembamba vinavyotenganisha mistari ya mkufu ili usijikunje, alivikata kwenye dumu la njano la mafuta ya kula. Yeyo alitoboa matundu kwa msumari wa moto, akiyahesabu kwa midomo, na yalikaa sawasawa kana kwamba amepimiwa kwa rula.

Nikauliza zamani walitumia nini. Ngozi, akasema. Na kabla ya shanga za vioo, mbegu, udongo na mifupa.

Hapo nikakumbuka kwetu. Karne ya 19 misafara ilitoka Pangani na Tanga ikipandisha huku Umasaini, imebeba shanga za vioo kutoka Ulaya, waya na vitambaa, ikirudi na pembe za ndovu. Shanga zilipita mlangoni kwetu. Kwetu tulizishika, tukazihesabu, tukazipakia. Akinamama wa huku ndio walioziuliza zinaweza kuwa nini, wakazipa mpangilio wao wa rangi, mpaka leo dunia nzima ikiona nyekundu, nyeupe na bluu kwenye duara inasema "Umasai" na haisemi Ulaya. Yeyo aliponivisha mkufu ili niupime, niliona fahari na wivu kwa pamoja.

Mchana tukaenda karakana ya kazi za mikono inayoitwa Shanga, kule kwenye mashamba ya kahawa ya Burka, barabara ya Dodoma. Wengi wanaofanya kazi pale ni watu wenye ulemavu, na malighafi yao ni vitu vilivyokwisha kutumika, chupa zikiwa za kwanza. Karakana ya kupuliza vioo ina joto ambalo mtu wa Tanga analipokea kama ndugu. Kijana mmoja alizungusha bomba refu la chuma ndani ya tanuri, akatoa donge la moto linalodondoka kama asali, akalipuliza, akalizungusha, akalipuliza tena. Mwenzake alikuwa kiziwi. Waliongea kwa mikono na macho, na bomba halikusimama hata mara moja, kwa sababu kioo cha moto ukiacha kukizungusha kinalala upande mmoja.

Nilichokipenda zaidi hakionekani dukani. Glasi ikiisha haiwekwi mezani. Inaingizwa kwenye tanuri jingine, ipoe polepole kwa saa nyingi. Ikipoa kwa pupa, nje inakaza ndani ikiwa bado ina moto, na inaweza kupasuka yenyewe bila kuguswa. Na rangi: chupa ya kijani ikiyeyushwa inatoka kijani. Ni madini yaliyomo ndani ya kioo, kama chuma na kromiamu, yanayoitia rangi hiyo, na moto hauyaondoi. Kwa hiyo kwenye rafu ile jagi zuri la kijani bado lina bia yake ndani, kwa namna fulani. Fundi ameipa shingo mpya, hajaifuta jina.

Asubuhi ya mwisho nilitaka kuona mpingo. Nyuma ya duka moja la vinyago nilimkuta fundi wa Kimakonde, ametoka Newala zamani, anachonga kinyago cha ujamaa: watu wamepandana, huyu kambeba yule, wote ndani ya gogo moja. Mpingo kwa ndani ni mweusi, na ganda linalouzunguka ule weusi ni la rangi ya maziwa. Wengi hulichonga likaisha wabaki na weusi mtupu. Yeye alikuwa ameliacha ukanda mmoja, na ule ukanda alikuwa ameugeuza mtandio wa mwanamke aliye juu kabisa. "Mti ulikuja nao," akasema. "Kwa nini nimvue?"

Mpingo ni mzito, ukiutia majini unazama, na unachukua miongo mingi kukomaa. Kinachokatwa leo kilipandwa, au kuachwa, na watu tusiowajua. Nilifurahi aliponikumbusha marehemu Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea wa Kibosho kule Moshi, ambaye mwaka 1996 alianzisha pamoja na Mmarekani James Harris mradi wa kuotesha na kupanda mpingo. Mtu anayepanda mti ambao hatauona ukichongwa amenishinda mimi niliyekuwa nagawa vitambaa viende motoni.

Usiku ule mdogo wangu alilala mapema. Mimi nilikaa sebuleni na vile vipande nilivyovifungia chungu. Tangu siku nilipovikata sikuwahi kuvitandaza nikaviangalia. Nilivipanga kwa rangi. Havikunipa kitu. Nikavipanga kwa ukubwa. Vivyo hivyo.

Halafu nikaona umbo. Karibu vyote vilikuwa na upande mmoja ulioinama, kama mwezi mchanga. Miaka yote nimekuwa nakata kitako cha mkoba kwa karatasi ileile moja, niliyoichora mwenyewe mwaka 2019 kwa kuzungushia sahani ya marehemu mama, kabla sijaanza kuiga cha mtu. Mitindo ya juu nimeiba kila mahali. Kitako sikukibadilisha kamwe. Na kila nilipokata kitako, mwezi ulianguka chini ya meza.

Nikachukua miwili, nikaigeuza ikapeana mgongo, nikaishikiza kwa pini. Nikaongeza wa tatu. Haikukubali kukaa bapa. Ilitaka kuinuka katikati, kama tumbo la mtungi. Mkono wangu ulikwenda kuilaza kwa kiganja, kama nilivyozoea. Nikauondoa. Nikaongeza wa nne kufuata ilikokuwa inakwenda, na wa tano, mpaka kikasimama chenyewe mezani kitu cha ukubwa wa bakuli, chenye rangi kumi na mbili, ambacho sijawahi kukiona kwenye simu ya mtu.

Ilikuwa saa tano usiku. Nikampigia jirani Tanga, akapokea kwa sauti ya usingizi akidhani kuna msiba.

"Mama Mwanahamisi, samahani sana. Yale magunia chini ya meza, umeshayachukua?"

"Moja tu, mwanangu. Bado sijaliwasha."

"Lirudishe. Nakuletea mkaa."