Kabla ya Jengo, Mkutubi

Wiki hii nzima nimekuwa na rasimu ya mpango wa maktaba za vijijini, na kila nikiisoma nakwama ukurasa ule ule, ule wa majengo. Halmashauri yetu ina maktaba moja tu, pale mjini, na sasa kuna nia ya kweli ya kuisogeza huduma hii hadi kwenye kata. Nimeingoja nia hiyo miaka mingi. Ndiyo maana nataka tuipange vizuri, kwa sababu huku kwetu Usukuma kuna maktaba zilizowahi kuwepo zikafa, na vijana tuliokaa nao kwenye kikao walikuwa hawana habari kabisa.

Nikawaeleza. Mkoa wa Mwanza ndiko ulikofanyiwa majaribio mradi wa kisomo chenye manufaa, yaani kuwafundisha watu wazima kusoma kupitia kazi zao za kila siku, kuanzia mwaka 1968, kwa msaada wa UNESCO. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere akautangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Sensa ya 1967 ilikuwa imekuta karibu watu wazima wawili kati ya watatu hawajui kusoma na kuandika. Mtihani wa taifa wa 1986 ulionyesha wamebaki kama mmoja kati ya kumi. Mtu aliyejifunza kusoma ukubwani asipopata cha kusoma, husahau. Kwa hiyo zikaja maktaba za vijiji: kijiji kinatoa chumba, Huduma za Maktaba, shirika la taifa la maktaba, inaleta vitabu vya kuanzia, na mara nyingi mwalimu wa shule ya msingi ndiye anayepewa ufunguo na posho kidogo. Nauona kuwa mpango wa busara hadi leo. Ulichokosa ni pumzi. Hali ya uchumi ilipokuwa mbaya miaka ya themanini, vitabu vipya viliacha kuja na posho ikakatika. Mwalimu akihamishwa, chumba kinageuzwa stoo ya mbegu.

Jumatano nilipita kwenye ofisi moja ya kijiji kuangalia chumba tulichoahidiwa. Nyuma ya mlango kuna kabati la mbao, na chini kabisa, chini ya mafaili ya kodi za zamani, kulikuwa na vitabu vilivyobaki. Vingi vimeliwa na mchwa. Kimoja cha ufugaji wa kuku kilikuwa kizima, na nyuma ya jalada kina ile karatasi ya kugongwa tarehe za kurudisha. Nikakaa nayo kwenye benchi. Mihuri imejaa Juni, Julai, Agosti, Septemba. Januari na Februari ni mitupu, mwaka hadi mwaka. Mtu yeyote aliyekulia kwenye pamba anaelewa mara moja: Januari na Februari watu wako kwenye palizi kuanzia alfajiri, jioni mtu anatafuta kitanda tu. Pamba ikishauzwa, ndipo mtu anapata jioni yake.

Karatasi ile imenifundisha kuhusu kupanga kuliko majedwali yote tuliyojaza. Rasimu inasema maktaba ya kata ifunguliwe saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, mwaka mzima. Hizo ni saa za ofisi. Mkulima hatakuja saa hizo, na mwanafunzi yuko darasani. Nimependekeza saa kumi hadi saa mbili usiku, na Jumamosi kutwa, na mzunguko mkubwa wa kubadilishana masanduku ya vitabu kati ya kata uwekwe Mei, kabla ya msimu wa watu kusoma. Usiku unahitaji taa, kwa hiyo sola na betri nzuri viingie kwenye bajeti kabla ya vigae.

Halafu kuna suala la nini kiwe ndani. Tuliwauliza wananchi kwenye mkutano wa kijiji, na majibu yao yalikuwa ya watu wanaojua shida yao. Mzee mmoja anataka Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kwa sababu ana kesi ya mpaka na shemeji yake na amechoka kusomewa vipande na watu wenye maslahi. Kinamama wa kikundi cha hisa wanataka kujifunza kuweka vitabu vya fedha. Wafugaji wanataka magonjwa ya ng'ombe, kwa Kiswahili. Bibi mmoja akanyoosha mkono:

"Mwanangu, mimi kusoma najua, nilifaulu kisomo. Macho ndiyo yamekataa. Huko maktaba mtakuwa na miwani?"

Nilimjibu, "Shikamoo bibi, tutakuwa nayo," na jioni ile ile nikaandika miwani ya kusomea kwenye orodha ya vifaa. Ni bei ndogo sana ukilinganisha na kumrudishia msomaji vitabu vyake. Kontena za vitabu vya msaada tunazoahidiwa mara kwa mara, vingi vikiwa vya Kiingereza na masomo ya kule vilikotoka, mimi ningezikataa kwa heshima. Rafu iliyojaa visivyosomwa huwafanya viongozi waamini kazi imekwisha.

Ninakogombana na wenzangu ni kwenye majengo. Waheshimiwa madiwani wanataka kila kata ianze ujenzi sasa, kwa nguvu za wananchi, na sababu yao naielewa: jengo linaonekana. Lakini tunayo maboma tayari, ya madarasa na zahanati, yaliyofika kwenye linta na kusubiri bati. Na jengo likikamilika bila mtu kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za watumishi, ni mlango wenye kufuli. Kenya walianza maktaba ya ngamia kule Garissa mwaka 1996 bila kujenga kitu: ngamia mmoja anabeba masanduku ya vitabu, mwingine hema, na mkutubi anawafuata wafugaji waliko. Sisi hatuhitaji ngamia. Tuna bodaboda kila njia panda na chumba cha ofisi ya kijiji. Ila mtu wa kutoa kitabu na kukipokea ni lazima awepo, alipwe, na awe na kasma, fungu la bajeti, ya kununua vipya kila mwaka.

Kwa hiyo nimeiandika upya sehemu ile. Tuanze na kata nne badala ya zote, katika vyumba vilivyopo, kila moja na mkutubi wake, hata wa cheti kutoka Chuo cha Ukutubi Bagamoyo, na masanduku yazunguke kati ya kata hizo. Jengo lije pale wasomaji watakapokuwa hawatoshi chumbani. Mwaka 1969 Mwalimu alisema kupanga ni kuchagua, na mimi nimechagua mshahara.

Kibali cha ajira kikichelewa, nimeomba wakutubi walipwe kwa mkataba kutoka mapato ya ndani. Mweka hazina ameniambia nimletee hesabu ya miaka mitatu, si mmoja, na nimefurahi, kwa sababu hesabu ya namna hiyo ndiyo ambayo ingeziokoa zile maktaba za vijiji za mwanzo. Hesabu hiyo inatakiwa mezani kwake Jumatatu.